Mzunguko Mrefu au Mfupi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Njia za Mashindano ya Traiali ya Pikipiki

Nimewahi kushindana, nimewahi kuwa mwamuzi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wanaobeba mishale na utepe alfajiri kwenda kuweka njia. Katika kazi zote hizo hakuna jambo lililobishaniwa kuliko hili: vipande vipangwe kwenye njia moja ndefu inayopitwa mara moja tu, au kwenye njia fupi inayorudiwa mara tatu au nne? Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, pamoja na majibu ninayoyaamini.

Kwa asiyejua kabisa: traiali ni nini, na mzunguko ni nini hapa?

Traiali si mbio. Mwendeshaji anapita kwenye vipande vilivyofungwa kwa utepe na mishale, ndani yake mna mawe, magogo, vijito, matope au kingo za mwinuko, na anatakiwa avuke bila kukanyaga chini. Mwamuzi amesimama pembeni anahesabu. Usipogusa chini unapata sifuri, yaani umepita safi. Ukigusa mara moja ni pointi moja, mara mbili ni mbili, mara tatu na kuendelea ni tatu. Ukianguka, ukitoka nje ya mpaka au ukishindwa kumaliza, ni tano. Mwenye pointi chache mwisho wa siku ndiye mshindi.

Mzunguko ni njia inayounganisha vipande hivyo, kuanzia pale magari yalipoegeshwa hadi kurudi palepale. Kwenye njia hiyo hakuna anayekuhesabia miguu, bali unasafiri tu kutoka kipande kimoja hadi kingine. Lakini jinsi unavyosafiri, na mara ngapi, hubadilisha mashindano mazima.

Mrefu ni urefu gani hasa?

Usiangalie kilomita peke yake. Mimi hutazama mambo mawili: unarudia vipande au hurudii, na ukiharibikiwa unaweza kusukuma pikipiki hadi kwenye gari lako au huwezi. Njia ya kilomita 3 yenye vipande 10 vinavyopitwa mara tatu ni mzunguko mfupi bila ubishi. Njia ya kilomita 40 yenye vipande 30 vya mara moja ni mrefu. Hesabu ya mwisho ni ileile, majaribio 30 kwa kila mshindani, na ndiyo maana watu hudhani tofauti ni ndogo.

Je, mzunguko mrefu ni mgumu zaidi?

Ni mgumu kwa namna nyingine. Ugumu wa kipande unawekwa na yule aliyekipanga. Unaweza kuwa na njia fupi yenye vipande vya kutisha, na njia ndefu ambayo kila kipande ni cha wastani.

Mzunguko mfupi unapima uwezo wa kujifunza. Raundi ya kwanza unapata tatu kwenye kijito, unagundua kwamba jiwe la kushoto linateleza, na raundi ya pili unapita kulia. Anayesahihisha haraka ndiye anayepanda kwenye matokeo. Mzunguko mrefu unapima uwezo wa kusoma. Unafika mahali hujawahi kupaona, unatembea kwa miguu, unachagua mstari wako, unaingia mara moja na basi. Ukikosea, kosa hilo linakaa kwenye kadi yako ya pointi na hutarudi kulifuta. Kisha kuna uchovu: saa ya tano, mikono imeshikana kwa klachi, na kipande rahisi cha 27 kinakula watu kwa sababu hawakiheshimu tena.

Ukinilazimisha kuchagua, napenda njia ndefu. Pikipiki ilizaliwa kusafiri, na kile kimya cha kupita bondeni ukitafakari kipande kilichopita ni nusu ya utamu wa mchezo huu. Lakini kupenda ni jambo moja, na kupanga mashindano yanayowezekana ni jambo jingine.

Mbona kwenye mizunguko mifupi tunasimama foleni muda mrefu hivyo?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu, na jibu lake ni hesabu.

Tuseme kila mwendeshaji anakishika kipande kwa dakika moja na nusu: kuingia, kutoka, mwamuzi kutoboa kadi, kumruhusu anayefuata. Mna washindani 60 na vipande 10 vya kurudiwa mara tatu. Kila kipande kitapitwa mara 180. Mara 180 kwa dakika moja na nusu ni dakika 270, yaani saa nne na nusu. Hata mkimbie namna gani, hamwezi kumaliza kabla ya hapo, kwa sababu kipande kinapokea mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Sasa mtazame mwendeshaji mmoja mmoja. Majaribio yake 30 yanachukua dakika 45. Kukagua vipande kwa miguu raundi ya kwanza, tuseme dakika 40. Raundi mbili zinazofuata, dakika 20 kwa jumla. Kusafiri kilomita 9 za mizunguko mitatu, kama dakika 36. Jumla ni dakika 141. Siku imechukua 270. Dakika 129 zilizobaki, zaidi ya saa mbili, amesimama kwenye mstari akitazama mgongo wa mwenzake. Na hapo nimedhani watu wametawanyika sawasawa kwenye vipande vyote. Wakianza wote kipande cha kwanza, hali ni mbaya zaidi.

Punguza washindani hadi 30, na vipande vitakuwa na kazi ya dakika 135 tu. Foleni karibu inayeyuka. Hapo ndipo nilipopata kipimo changu: washindani wasizidi mara tatu ya idadi ya vipande. Vipande 10, watu 30. Vipande 15, watu 45. Ukizidisha hapo, ongeza vipande, wala usiongeze raundi.

Kwenye njia ndefu yenye vipande 30 vya mara moja, washindani walewale 60 wanaruhusiwa kuondoka mmoja kila dakika moja na nusu. Kila kipande kinafanya kazi ya dakika 90 tu, na watu wanafika mmoja mmoja kama walivyoondoka. Foleni hutokea pale tu kipande kimoja kinapochukua muda kuliko vingine. Mara nyingi ni kipande kigumu kilichowekwa karibu na mwanzo, na hilo ni kosa la mpangaji, nami nimelifanya. Niliweka mwinuko wa mawe kuwa kipande cha tatu kwa sababu ulikuwa mzuri kuutazama. Nusu ya watu walikwama, kila aliyekwama alihitaji kusaidiwa kushushwa, na waliokuwa nyuma walisubiri hadi injini zikapoa. Siku hizi vipande vitano vya mwanzo naviweka vyepesi na vya haraka, ili msafara utanuke kabla ya kufika penye kazi.

Lakini vipande 30 si vinahitaji waamuzi 30?

Hicho ndicho kinachozifanya klabu nyingi zichague mzunguko mfupi, na siwalaumu. Waamuzi ni watu wa kujitolea, wanaosimama juani au mvuani siku nzima. Kuwapata 10 ni kazi. 30 ni karibu miujiza.

Ila hesabu si mbaya kama inavyoonekana. Kwenye njia ndefu mwamuzi wa kipande cha kwanza amemaliza baada ya dakika 90. Kama mshindani wa kwanza anatumia wastani wa dakika nane na nusu kutoka kipande hadi kipande, atafika kipande cha 21 dakika ya 170. Mwamuzi yule ana zaidi ya saa nzima ya kunywa maji, kupanda gari na kwenda kusimamia kipande cha 21. Kwa hiyo waamuzi 20 wanatosha vipande 30, mradi barabara ipo na kuna mtu wa kuwahamisha. Nimeona ikijaribiwa na waamuzi 15. Kwa kalamu inawezekana, ila nafasi ya kuhama inabaki kama nusu saa, na kucheleweshwa kidogo tu kunamfanya mshindani wa kwanza akute kipande hakina mtu. Sishauri.

Kuna jambo jingine wasilolihesabu wengi. Mwamuzi wa njia fupi anahukumu mara 180. Saa ya nne macho yamechoka, na mguu uliogusa jiwe kidogo tu hauonekani tena. Uamuzi wa asubuhi na wa alasiri haulingani. Ukichagua njia fupi, mpe kila mwamuzi msaidizi wa kuandika, au wabadilishane vipande kati ya raundi.

Ipi inatenda haki zaidi?

Njia fupi hupunguza bahati. Ukiteleza raundi ya kwanza kwa sababu mtu aliyekutangulia ameacha maji kwenye jiwe, una nafasi mbili nyingine. Katika njia ndefu kila kipande kinakupima mara moja, lakini vipande ni vingi na vya namna nyingi, kwa hiyo hodari wa matope hapewi siku ya matope mara tatu. Kila moja ina haki yake.

Panapoumiza ni zamu ya kuanza. Anayepita wa kwanza kwenye njia ndefu hukuta mawe yenye ukungu wa kijani na hakuna alama ya tairi ya kumwonyesha mstari. Wa 40 hukuta njia imeshachorwa. Ardhi ikiwa ya matope, mambo hugeuka: wa kwanza hupita kwenye udongo mzima na wa 40 hupita kwenye mtaro. Kwenye mashindano ya siku nyingi dawa yake ni kuzungusha zamu, aliyeanza mapema leo aanze baadaye kesho. Kwenye mashindano ya siku moja, piga kura hadharani, na usikubali washindani kujipangia wenyewe.

Na wale hodari wanaokaa pembeni wakisubiri wengine wawafungulie njia? Wapo kwenye mizunguko ya aina zote. Kinachowaondoa ni saa.

Muda unadhibitiwaje?

Kanuni ya kawaida ni kuweka muda wa jumla wa njia nzima, na kila dakika ya kuchelewa kuongeza pointi moja, hadi kikomo fulani ambacho ukikipita unatolewa. Kwenye njia fupi weka pia muda wa raundi ya kwanza peke yake. Bila hivyo watu hutumia saa tatu kukagua na kusubiriana, halafu raundi ya mwisho inakuwa msongamano wa wote kwa pamoja.

Scott Trial ya Yorkshire, Uingereza, imeupeleka muda mbali zaidi. Ilianza mwaka 1914, na Alfred Angas Scott, mtengenezaji wa pikipiki, ndiye aliyewaanzishia wafanyakazi wake. Pale anayemaliza haraka kuliko wote ndiye anayeweka kipimo, na wengine wanaongezewa pointi kwa muda waliochelewa nyuma yake. Unapima mguu na saa kwa wakati mmoja, kwenye njia ndefu ya nyika. Ni mashindano magumu mno, na yasingekuwa na maana kwenye mzunguko wa kilomita 3.

Mashindano makubwa hutumia ipi?

Zote mbili. Ubingwa wa dunia wa FIM, yaani shirikisho la kimataifa la pikipiki, ulioanza mwaka 1975 na Martin Lampkin akawa bingwa wake wa kwanza, siku hizi hutumia njia fupi na vipande vinavyorudiwa. Sababu iko wazi: watazamaji wanalipa wamwone bingwa kama Toni Bou akipanda ukuta wa mwamba, na wanataka watembee kutoka kipande hadi kipande kwa miguu. Vipande vyenyewe ni vya hatari kiasi kwamba mwendeshaji huwa na msaidizi wake, na msafara mrefu ungekuwa mzigo bila faida.

Upande wa pili kuna Scottish Six Days Trial, inayofanyika mwezi Mei na makao yake ni Fort William, Scotland. Ni siku sita, kwa kawaida vipande 30 kila siku, njia mpya kila siku, na zaidi ya kilomita 100 kwa siku kupitia nyika, mito na barabara. Washindani wanazidi 250. Dougie Lampkin, mtoto wa Martin, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa nje (si ule wa ndani ya ukumbi) mara saba mfululizo kuanzia 1997 hadi 2003, ameshinda pale mara 12. Ukiona mtu mmoja ametawala aina zote mbili, unajua kwamba msingi wa mchezo ni mmoja: mizani, klachi na macho.

Pikipiki yangu itastahimili njia ndefu?

Itastahimili ukiiandaa. Pikipiki ya kisasa ya traiali ina uzito wa kilo 65 hadi 75 hivi, haina kiti cha maana, na tangi lake hubeba lita mbili au tatu tu. Kwenye njia fupi unarudi kwenye gari kila raundi, unaongeza petroli, unakaza kilicholegea, unakunywa maji. Kwenye njia ndefu vyote hivyo unavibeba au unavipangia kituo. Kabla ya kujiandikisha uliza: kituo cha mafuta kiko kilomita ya ngapi? Kama mpangaji hana jibu, beba chupa maalumu ya petroli.

Upepo wa tairi nao una mgogoro wake. Kwenye vipande tunatumia upepo mdogo sana, kama 0.3 ba (kipimo cha shinikizo) nyuma na 0.4 hivi mbele, ili tairi ilifumbate jiwe. Kwenye njia ndefu ya mawe makali, ukikimbia na upepo huo unaweza kugonga rimu au kupata pancha. Wanaojua hupunguza mwendo pale penye mawe, na hubeba pampu ndogo. Katika mkoba wangu wa kiunoni mna pampu, vifaa vya pancha, mkono wa klachi na wa breki wa akiba, kiungo cha cheni, waya laini, na funguo za nati ninazozihitaji. Sibebi kingine. Kila gramu unaihisi unapoinua gurudumu la mbele.

Kukaa ni shida nyingine. Utasimama juu ya pegi, yaani vikanyagio vya miguu, kwa saa tano. Fanya mazoezi ya kusimama kabla hujafanya mazoezi ya kuruka.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na ipi?

Mfupi. Utakosea, na utapata nafasi ya kurudia kosa lilelile siku hiyohiyo ukiwa bado unalikumbuka. Hakuna mwalimu anayeshinda hilo. Ukichoka baada ya raundi mbili, gari lako liko karibu na hakuna atakayetumwa kukutafuta. Baada ya mashindano manne au matano, jaribu mrefu hata kama utashika mkia.

Usalama ukoje kwenye njia ndefu?

Unahitaji mpango, na nina msimamo mkali hapa. Kila mshindani anayeondoka aandikwe, na kila anayerudi afutwe. Wawepo wafagiaji wawili, waendeshaji wazoefu wanaopita njia nzima nyuma ya wa mwisho, mmoja akibaki na majeruhi mwingine aende kuita msaada. Kila mwamuzi awe na namba ya simu ya mratibu, na ajue kipande chake kinafikiwaje kwa gari. Mahali ambapo simu haishiki, tafuta redio. Mwendeshaji anayejitoa arudishe kadi kwa mwamuzi aliye karibu, maana nimewahi kushiriki kumtafuta mtu gizani kumbe alishapakia pikipiki na kuondoka zake. Kama hamwezi kutimiza hayo, pangeni njia fupi.

Ardhi inaharibika zaidi kwenye ipi?

Njia fupi huumiza mahali pamoja sana. Njia ndefu huumiza mahali pengi kidogo. Udongo mlaini ukipitwa mara 180 hugeuka mtaro na huchukua muda mrefu kupona. Mwamba haujali. Basi kama ardhi yenu ni ya mawe, rudieni mtakavyo. Kama ni ya msitu na udongo, tawanyeni, au wekeni mstari mpya kwenye kipande kilekile kila raundi kwa kuhamisha mishale.

Njia ndefu nayo ina kero yake: hupita kwenye ardhi ya watu wengi. Mwenye shamba mmoja akikataa wiki ya mwisho, mzunguko mzima unakatika. Pata ruhusa kwa maandishi mapema, na uwe na njia ya kukwepa kila eneo.

Hakuna njia ya katikati?

Ipo, na ndiyo ninayoipanga mara nyingi. Vipande 15, raundi mbili, kilomita 8 hadi 12. Foleni inapungua, waamuzi 15 wanatosha, na bado unapata hisia ya safari.

Nyingine ni namba nane: mizunguko miwili inayokutana maegeshoni. Nusu ya washindani wanaanza upande wa kulia, nusu wa kushoto, kisha wanabadilishana. Watu wanagawanyika tangu dakika ya kwanza, mafuta yako katikati, na mkiona muda unawatupa mkono mnafuta raundi ya mwisho ya pande zote mbili bila kumpunja yeyote, alimradi mmetangaza kabla ya yeyote kuianza.

Kadi zinatofautiana?

Kidogo. Kwenye njia fupi toa kadi mpya kila raundi, ya rangi tofauti, na ikusanywe maegeshoni ili wahesabu waanze kazi mapema. Kwenye njia ndefu kadi ni moja, inakaa na mshindani saa tano, inapita mitoni na kwenye matope. Itoboe, usiiandike kwa kalamu, na mwamuzi abaki na orodha yake mwenyewe ya namba na pointi. Kadi ikipotea au kuchanika, orodha hiyo ndiyo itakayotumika.